Chupa ya Maji ya Koplo Burdett

Kwa maneno ya bosi, mambo yaliharibika Jumapili ya Pasaka, tarehe tano Aprili. Hiyo ndiyo siku aliyoiandika juu ya barua ya mashtaka, akaipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Na bosi akishapiga mstari mara mbili, huwa hataki tena kuulizwa.

Nderitu alimwuliza hata hivyo.

Walikuwa sebuleni kwa Bi. Kwamboka, Cedar Hill, pembeni mwa Dallas, Jumapili ya pili ya Mei, watu wakiwa wametoka kanisani. Kwamboka ndiye mwenye kampuni ya kutunza wazee manyumbani, Dallas mpaka Houston. Nderitu alikuwa mpelelezi wa polisi Nakuru miaka kumi na mmoja kabla hajaja kupanga maboksi ghalani Garland. Hapa Texas hakuwa na kitambulisho wala ofisi. Akina mama wa ushirika wa kanisa ndio waliomsukuma: nenda ukaongee na huyo mama kabla hajammaliza Kagendo.

Kagendo alikuwa mtunzaji wa kampuni hiyo, msichana wa Meru, amebakiza muhula mmoja awe nesi kamili. Kesho saa sita mchana jina lake lingepelekwa serikalini kama mwizi wa mali ya mgonjwa. Jina likiingia kwenye orodha ile halitoki. Hakuna hospitali ambayo ingemkubali tena, hata kusukuma kitanda.

Mali yenyewe ilikuwa daftari. Daftari la jalada la ngozi, la kutosha mfukoni, lililoandikwa na Koplo Asa Burdett, aliyepigana miaka mitatu upande wa Kaskazini Wamarekani walipouana wao kwa wao, ndani ya kikosi cha wajitolea wa miguu kutoka Indiana. Kitukuu wake, Mzee Odell Burdett, miaka tisini na moja na macho yamekufa miaka mitano sasa, ndiye aliyekuwa mgonjwa. Nyumba yake ilikuwa Pearland, kusini mwa Houston.

"Ndugu Nderitu, hapa si Nakuru," Kwamboka alisema. "Hapa tunafanya kazi na ushahidi."

"Nionyeshe basi."

Alimsukumia simu. Ilikuwa picha ya mstari mmoja tu kutoka kwenye kitabu cha makabidhiano, kile ambacho watunzaji huandika wanapopokezana zamu: *04/05. Daftari lipo kabatini. K.*

"Baada ya hapo hakuna aliyeandika kwamba ameliona. Jana binti ya Mzee amefungua kabati, tupu. Akanitumia hiyo picha. Nimeangalia kwenye mfumo, tarehe tano Aprili aliyekuwa zamu ni nani? Kagendo. Siku ya Pasaka! Sisi wote tuko kanisani, yeye ameomba kazi. Kwa nini?"

"Kitabu chenyewe unacho?"

"Kiko Pearland. Picha inatosha."

"Pearland umeenda lini mara ya mwisho?"

Kwamboka alizungusha kikombe kwenye kisahani. "Januari."

"Na yeye mwenyewe umemwuliza?"

"Nimwulize nini? Tangu aingie chuo cha uuguzi haongeleki. Salamu ni Kiingereza. Huyo mzungu ameniandikia barua, ati hataki mwingine yeyote, anataka Kagendo." Alicheka bila kufungua mdomo. "Miaka ishirini na miwili niko nchi hii, nimeosha wazee mpaka mgongo umepinda. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia barua."

Nderitu aliandika neno *barua* kwenye kikaratasi chake, akashukuru kwa chai, akatoka.

*

Jumatatu aliondoka Garland kulipopambazuka. Saa nne asubuhi alikuwa Pearland. Kagendo alikuwa ameegesha gari ng'ambo ya barabara, kwa sababu alikuwa amekatazwa kukanyaga kiwanja cha Mzee. Alivaa nguo zake za kazi. Nderitu aliingia kiti cha mbele.

"Shikamoo, Baba Kezia."

"Marahaba. Nijibu kwa kifupi. Pasaka ulifungua hilo daftari?"

"Hapana. Mzee alikuwa na homa, alilala siku nzima. Sikusoma hata mstari."

"Kwa kawaida wewe ndiye unayemsomea?"

"Kila mchana. Ule mwandiko ni wa kuunganisha, wa kalamu ya wino. Binti yake hawezi kuusoma, wajukuu ndio kabisa, wanasema unafanana na minyoo. Sisi tulichapwa viboko darasa la tatu mpaka tukaujua." Alitabasamu kidogo. "Mzee anapenda. Anacheka sana huyo koplo akianza kulalamika. Ana wivu, yaani, wivu wa ajabu. Kuna rafiki yake wa kijiji kimoja, anaitwa Tate. Walijiandikisha siku moja, Agosti elfu moja mia nane sitini na mbili. Tate akafanywa sajini. Koplo anaandika: 'Mimi nilibeba bendera vitani Chickamauga, yeye alibeba sufuria ya kapteni. Mistari mitatu amepewa yeye.'"

"Daftari linafika wapi?"

"Hapa hapa Texas. Vita viliisha Aprili sitini na tano, kila mtu anafikiri anaenda nyumbani. Wakubwa wakasema bado. Wakapakiwa melini, wakashushwa pwani huku chini, wakaambiwa watembee mpaka ziwa moja, Julai, bila maji. Watu walipona risasi miaka mitatu, wakaja kufa kiu baada ya amani."

"Nani aliyetoa amri hiyo?"

"Koplo hasemi. Anasema tu 'wakubwa'."

"Wakubwa hawana majina siku zote. Endelea. Ziwani kunatokea nini?"

Kagendo alitikisa kichwa. "Sijui. Tukikaribia ziwa, Mzee anasema, rudi mwanzo. Nimelisoma mara sita. Huko mbele sijawahi kufika."

"Hukuchungulia?"

"Ni lake, Baba Kezia. Akisema funga, nafunga. Na pia kurasa za huko nyuma zimeshikana shikana, lililowa kwenye mafuriko ya mwaka wa elfu mbili kumi na saba. Hapo mimi nilikuwa bado Meru."

Nderitu aliandika. "Mara ya mwisho ulilishika lini?"

"Mwanzo wa mwezi huu."

"Tarehe?"

"Sikumbuki."

Alimwangalia. Mtu anayekumbuka homa ya Mzee ya siku ya Pasaka hakumbuki siku ya juzi. Kagendo alikuwa anatazama mlango wa nyumba ile. Mtunzaji mwingine alikuwa ndani, Véronique, Mkongomani wa Bukavu.

"Mnaelewana, wewe na Véronique?"

"Ni dada yangu," Kagendo alijibu haraka mno.

*

Véronique alifungua kabla Nderitu hajabisha hodi mara ya pili. Mwanamke mpana, kitambaa kichwani, mikono yenye harufu ya sabuni.

"Karibu, papa," alisema, kwa neno la kwao la baba. "Mama iko salama?"

"Mke wangu alifariki, hospitalini. Waliokuwa zamu walituambia tusubiri."

"Oh, pole, papa. Pole sana."

Mzee Burdett alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi, blanketi magotini. Aligeuza uso kuelekea sauti ngeni. Alizungumza Kiingereza cha kuvuta cha watu wa huku.

"Wewe ndiye polisi?"

"Nilikuwa, Mzee."

"Basi niambie Kagendo yuko wapi. Huyu ananiosha vizuri, sikatai. Mikono yake inajua maji. Lakini sauti ninayoitaka ni ya yule."

Véronique alikuwa anakunja taulo. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Nderitu aliomba kitabu cha makabidhiano. Kilikuwa jikoni, kimefungwa kamba kwenye mguu wa meza, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kukisoma kama angejisumbua kuja. Alifungua ukurasa wenyewe, mzima, siyo kipande cha picha. Aliusoma kutoka juu.

*28/04. V.*
*30/04. K.*
*02/05. V.*
*04/05. Daftari lipo kabatini. K.*

Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Mwaka hauna mwezi wa ishirini na nane. Watu hawa wawili, mmoja wa Meru na mmoja wa Bukavu, walianza na siku kisha mwezi, kama walivyofundishwa makwao. Bosi wao alisahau miaka mingi iliyopita, akaanza na mwezi kisha siku kama Mmarekani. Hakukuwa na Pasaka yoyote hapa. Ilikuwa tarehe nne Mei, Jumatatu ya wiki iliyopita. Msichana alikuwa anaharibiwa maisha kwa sababu mkubwa mmoja aliona uvivu kuendesha gari kwa muda wa saa nne.

Lakini kulikuwa na jambo la pili. Alitoa simu akampigia Kwamboka.

"Tarehe nne Mei zamu ilikuwa ya nani?"

"Kwa nini?"

"Niangalizie tu, mama."

Alisikia vidole vikigonga. "Véronique. Saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni. Amejiandikisha kwa simu yake, akiwa hapo hapo nyumbani kwa Mzee. Kagendo hakuwa kazini. Nakukumbusha, saa sita."

Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. Nderitu alirudisha simu mfukoni. Mfumo ulisema Véronique. Mwandiko ulikuwa wa Kagendo.

"Véronique, keti."

"Niko naivisha uji ya mzee."

"Uji utasubiri. Jumatatu ile simu yako ilikuwa hapa. Wewe mwenyewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, papa."

"Aliyeandika hapa ni Kagendo."

Véronique alizima jiko. Alibaki amegeukia sufuria.

"Mama yangu alikuwa na rendez-vous ya macho kwa daktari," alisema. "Alingojea miezi mitano. Bosi alikataa kunipa siku. Alisema mama yako si mgonjwa wangu. Njo maana Kagendo akasema, niachie simu yako, nitafanya kazi kwa jina yako. Tulibadilisha. Kama bosi anajua, tunafukuzwa wote mbili."

"Kwa hiyo Kagendo amekubali kuitwa mwizi ili asikutaje."

"Alikuambia?"

"Hajaniambia kitu. Ndiyo maana nimejua. Ulirudi saa ngapi?"

"Saa tisa na kidogo. Nilirudi kuchukua simu, anikabidhi mzee, zamu iendelee."

"Ukakuta nini?"

Chumbani Mzee alikohoa, akaita jina la Kagendo, kama mtu anayejaribu mlango anaojua umefungwa.

"Nilikuta banacheka, papa. Balikuwa banacheka, yeye na mzee, machozi inatoka. Kagendo anasoma, anaiga sauti ya ule mwanajeshi. Nilisimama pale mlangoni na viatu mkononi, hakuna mtu alinisikia." Aligeuka. "Miaka mbili namwosha. Miaka mbili! Namkata kucha, namgeuza asiote vidonda. Hajacheka na miye hata siku moja. Miye pia najua ile mwandiko. Nilisomea kwa masista, Bukavu. Mwandiko yangu ni nzuri kupita ya Kagendo. Nilimwambia mzee, nikusomee? Akafanya hivi kwa mkono." Alipunga kiganja, kama mtu anayefukuza nzi. "Eti Kiingereza yangu ina mawe."

"Ukafanyaje?"

"Kagendo aliandika kitabu, akaenda. Mzee akalala. Nikatoa daftari kabatini, nikaweka kwa sac yangu ya begani."

"Ulitaka kulifanyia nini?"

"Kujifunza kulisoma." Sasa alilia, lakini sauti haikupanda. "Kila siku nikitoka kazi, nasoma mbele ya kioo. Naweka kalamu kati ya meno ili ulimi ifunguke. Nilisema wiki moja tu, nitarudisha, nitamwambia mzee, sikiliza. Jumamosi binti akafungua kabati. Bosi akapiga simu, akasema Kagendo ameiba." Alifuta uso kwa kona ya aproni. "Na nikanyamaza. Hiyo njo dhambi yangu. Nilinyamaza, na ndani kitu kidogo ikafurahi."

"Liko wapi?"

Lilikuwa kwenye buti ya gari lake, limefungwa ndani ya kitenge kipya ambacho hakijawahi kushonwa. Nderitu alilifungua juu ya meza ya jikoni, ukurasa kwa ukurasa. Kikosi kilitoka Indiana na watu mia tisa na zaidi. Koplo aliwahesabu kila mwisho wa mwezi, na hesabu ilipungua. Mto Stones, mwaka mpya, barafu. Chickamauga. Nashville. Katikati ya maiti zote hizo, Tate na mistari yake mitatu, Tate na barua zake kutoka kwa binti wa msaga unga, Tate kapewa buti mpya.

Karibu na mwisho alisimama. Alipitisha ukucha kwenye mshono. Karatasi moja ilikuwa imekatwa kwa wembe, safi, kikabaki kijipande chembamba kama uzi.

"Hii umekata wewe?"

"Yesu wangu! Hapana, papa! Nilikuta hivyo!"

"Ama Kagendo?"

Véronique alifungua mdomo. Nderitu aliona jibu jepesi likimjia, likakaa hapo kwenye ulimi. Neno moja tu, na yule mwenzake asingemsomea Mzee tena milele.

"Sijui," alisema mwishowe. "Sikumwona akikata. Siwezi kusema kitu sikuona."

Nderitu alilipeleka daftari dirishani. Ukurasa wa kushoto wa pengo ulikuwa umeishia katikati ya sentensi. Wa kulia ulianzia mwezi mwingine, Agosti, maneno matatu makubwa juu: *Mvua. Mvua. Mvua.* Aliinamisha daftari mwanga upite juu juu. Hapo akaona. Kwenye ukurasa wa kushoto, chini ya wino wa koplo, kulikuwa na wino mwingine hafifu, kinyumenyume, kama maneno yanavyoonekana kwenye kioo. Alichukua kikombe cha bati kinachong'aa, akakisogeza karibu. *Mvua. Mvua. Mvua.*

"Tazama," alisema. "Daftari lilipolowa, wino wa huku ulijichapa huku. Kurasa hizi mbili zilikuwa zimegusana. Kama karatasi ya katikati ingekuwapo siku ya mafuriko, ingejichapa yenyewe. Haikuwapo. Ilikatwa kabla ya mwaka wa kumi na saba. Wewe ulikuja Amerika lini?"

"Deux mille dix-neuf. Kumi na tisa."

"Na Kagendo wakati huo alikuwa bado Meru. Basi hamjakata, hakuna hata mmoja."

Véronique alikaa chini kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Nderitu alitoka akampungia Kagendo mkono aje, kiwanja kikatazwe kisikatazwe. Halafu akampigia Kwamboka, akaweka simu mezani sauti ikisikika kote.

"Daftari liko mbele yangu. Tarehe uliyosoma ni nne Mei. Ukurasa mzima unaonyesha. Aprili umeiweka wewe."

"Nne Mei Kagendo hakuwa zamu. Ameingiaje humo? Na daftari lilikuwa wapi?"

Kagendo alikuwa mlangoni. Véronique alisimama. Walitazamana, na kila mmoja alivuta pumzi ili aseme kabla ya mwenzake.

"Nipe hiyo simu," Mzee Burdett alisema kutoka kwenye kiti chake.

Nderitu alimpelekea.

"Mama, nyumba ni yangu. Tarehe nne nilimpigia Kagendo mwenyewe aje kunitembelea. Daftari nilimwazima huyu mwingine akajifunze kulisoma. Nimezeeka, nikasahau kumwambia binti yangu. Ukituma hiyo barua yako, nitaandika ya kwangu. Mchana mwema."

Alirudisha simu. Uso wake haukuwa umetikisika hata kidogo. Nderitu aliwahi kuwahoji waongo mia moja Nakuru, na aliyesema uongo laini namna hii alikuwa mtu mwenye mazoezi.

"Ulisikia yote ya jikoni," Nderitu alisema.

"Nimepofuka macho. Masikio yangu mazima, na Kiswahili chenu nakisikiliza humu miaka miwili sasa." Mzee alinyoosha mkono hewani, akautafuta upande wa Véronique. "Kwa hiyo umejifunza. Soma basi."

Véronique alimwangalia Kagendo. Kagendo alisogeza kiti, akamkalisha, akabaki amesimama mwenyewe nyuma, mikono imefungwa kifuani kwa nguvu. Sasa ilikuwa zamu yake kusikiliza.

"Nianzie mwanzo, Mzee?"

Bila kungoja jibu, Véronique akafungua pale pale alipokuwa ameshika, mwisho wa ukurasa wa kushoto. Alisoma polepole, kila neno limeoshwa:

"'Julai 2. Vita vimekwisha, na bado tunatembea. Jenerali amepita kwenye gari la farasi, nimeona pipa la barafu nyuma yake. Tate ameanguka njiani. Sajini mzima, kifudifudi mchangani. Ameniita kwa jina la nyumbani. Chupa yangu ya maji ina nusu. Nimesimama juu yake, nikaitazama ile mistari mitatu kwenye mkono wake, na'"

Aliinua kichwa. "Njo hapa imekatwa."

"Rudi mwanzo," Mzee alisema haraka.

Kagendo aligeuza kichwa. Mara sita alikuwa ameyasikia maneno hayo.

Nderitu alichuchumaa mbele ya kiti, uso wake ukalingana na macho yale meupe.

"Mzee, kabla ya mafuriko ulikuwa na macho. Na mwandiko huu katika nyumba hii hakuna mwingine aliyeweza kuusoma. Karatasi umekata wewe, wala sitakuuliza kwa nini. Nakuuliza jambo moja tu."

Vidole vya Mzee vilikamata blanketi.

"Alimpa maji?"